Barua ya Wazi kuhusu Tuta la Offa: Msiwaache Watu Wasijue, Kisha Mkawasamehe kwa Kutojua

Kwa: Waheshimiwa wote mliokabidhiwa dhamana ya malikale, upande wa Wales na upande wa England

YAH: KULINDWA KWA TUTA LA OFFA (CLAWDD OFFA) KABLA HALIJASAWAZISHWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima.

Barua hii naiweka hadharani baada ya kuimaliza njia ya faragha. Katika muda wa miezi kumi na minne nimeandika barua tatu kwa Kiingereza, kila moja nikiambatanisha picha na ramani niliyoichora mwenyewe. Ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili nilijibiwa kwa maneno yaleyale, mkato kwa mkato. Ya tatu haijajibiwa hadi leo. Sitaitaja ofisi wala afisa, kwa kuwa shida yangu haiko kwa karani aliyelemewa na mafaili. Iko kwenye utaratibu, na wenye uwezo wa kuubadilisha utaratibu ni ninyi.

Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimewatumia. Hii ya Kiswahili, lugha niliyolelewa nayo Kilwa, nimeiandika kwa makusudi. Waswahili tuko wengi katika nchi hii, kuanzia London na Leicester hadi Birmingham na Cardiff. Tunalipa kodi, tunapiga kura, watoto wetu wanafundishwa historia ya hapa shuleni. Lakini wengi wetu hatujui kwamba mwendo wa saa chache kutoka milangoni mwetu kuna kazi ya mikono iliyodumu zaidi ya miaka 1,200, na inalimwa na trekta. Wakijua, nao watauliza. Hilo ndilo ninalolitaka.

Kwa hiyo niruhusuni kwanza niwaeleze wasomaji wangu jambo ambalo ninyi mnalijua.

Offa alikuwa mfalme wa Mercia, dola iliyokuwa katikati ya nchi ambayo leo ni England. Alitawala kuanzia mwaka 757 hadi 796. Mwaka 893 Asser, mtawa mzaliwa wa Wales aliyeandika maisha ya Mfalme Alfred, alisema kwamba Offa ndiye aliyeamuru lijengwe boma kubwa kati ya Wales na Mercia, kutoka bahari hadi bahari. Boma lenyewe ni la udongo. Watu walichimba handaki upande wa magharibi, unaotazama Wales, na udongo waliouchimba wakaurundika upande wa mashariki ukawa tuta. Palipobaki vizuri, handaki na tuta kwa pamoja vina upana wa karibu mita 20, na tuta bado linafika kimo cha mita mbili na nusu, ingawa mvua na kwato zimelikanyaga karne kumi na mbili. Sehemu zinazojulikana, ukiziunga, zinakaribia kilomita 130. Juu ya Llanfair Hill, ambako tuta linafika mita 430 juu ya usawa wa bahari, unaliona likishuka bonde na kupanda bonde bila kupinda ovyo, na unaelewa kwamba aliyelipanga alikuwa na jicho la mpiganaji: karibu kila mahali alichagua mteremko unaomwezesha kuitazama Wales kwa mbali.

Mfalme huyohuyo ametuachia kitu kingine kinachotugusa sisi watu wa pwani. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna sarafu ya dhahabu iliyoigwa kutoka dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, sawa na 774. Ina maandishi ya Kiarabu ya kumpwekesha Mungu, na katikati ya maandishi ya upande mmoja wamechonga OFFA REX, yaani Mfalme Offa, yakiwa juu chini ukilinganisha na Kiarabu chake. Mchongaji hakujua kusoma alichokiiga, lakini alijua kwamba hiyo ndiyo pesa iliyoaminika duniani. Katika karne hiyohiyo ya 8, kisiwani Pate, watu wa Shanga walikuwa wakisali katika msikiti mdogo wa miti na udongo. Nikisimama juu ya tuta hili huwa nayaona yote mawili pamoja: msikiti wa miti kule kwetu na handaki la udongo huku. Dunia yao ilikuwa moja, na dhahabu ilikwisha kuwaunganisha kabla hawajasikiana majina.

Baada ya hayo, Waheshimiwa, malalamiko yangu ni haya.

1. Tuta linakwisha, nanyi mna takwimu zake.

Mpango wa hifadhi wa Tuta la Offa, ulioandaliwa miaka michache iliyopita kwa ushirikiano wa Chama cha Tuta la Offa, Cadw na Historic England, yaani mashirika ya malikale ya Wales na ya England, uligundua kwamba chini ya asilimia 10 ya tuta ndiyo iliyo katika hali nzuri. Hesabu hiyo mmeilipia wenyewe, kwa hiyo sihitaji kuwaletea ushahidi mpya. Nataka tu kusema inavyoonekana kwa mtu anayepita hapo kila wiki.

Inaonekana hivi. Ng'ombe wanajikusanya mahali pamoja penye kivuli, kwato zinachana nyasi, mvua ya Novemba inakuta udongo uko wazi, na kufikia Machi pana kidonda kipana kama mlango. Sungura wanachimba. Nyegere wa huku, yule mwenye milia kichwani, naye anachimba, maana udongo wa tuta ni mlaini na haukai maji, na yeye ana sheria yake inayomlinda tangu mwaka 1992, kwa hiyo huwezi kumhamisha bila kibali maalumu. Miti mikubwa iliyoachwa imee juu ya tuta ikiangushwa na dhoruba inang'oka na mizizi, na mizizi inabeba udongo wa karne ya 8 kama kijiko kinavyobeba ugali. Hakuna lolote kati ya hayo linaloandikwa magazetini. Hakuna mtu wa kumshtaki. Ni kwamba tu mwaka ujao tuta litakuwa fupi zaidi.

2. Sheria inakubali kisingizio cha kutojua, na serikali haimjulishi mtu.

Hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Mwaka 2013, kati ya Chirk na Llangollen, kipande cha tuta chenye urefu wa karibu mita 45 kilisawazishwa kwa mashine. Kilikuwa kipande kilichoorodheshwa na sheria kuwa malikale. Ardhi iligeuzwa uwanja wa kujengea banda la farasi. Polisi walichunguza, na mwisho hakuna aliyefikishwa mahakamani, kwa sababu sheria ya wakati huo, ile ya mwaka 1979, ilimtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mhusika alijua anachokiharibu kinalindwa. Hilo halikuweza kuthibitishwa.

Serikali ya Wales, na naisifu kwa hili, haikulala. Sheria ya Mazingira ya Kihistoria ya mwaka 2016 ilibana mwanya huo. Sasa huko Wales haitoshi mtu kusema hakujua. Anatakiwa aonyeshe kwamba alichukua hatua zote za busara ili kujua. Msimamo huo umebebwa katika sheria mpya ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Novemba 2024.

Kwa upande wa England, sheria ya 1979 bado inampa mtu utetezi uleule wa kale. Kwa hiyo tuta moja, lililojengwa na mfalme mmoja, lina sheria mbili. Ukilivunja magharibi mwa mstari wa mpaka unaulizwa kwa nini hukuuliza. Ukilivunja mashariki mwa mstari unaulizwa kama uliambiwa. Na mstari wenyewe, kwenye njia ya watembea kwa miguu inayolifuata tuta, unavukwa zaidi ya mara 20. Mji wa Knighton ninapofanyia manunuzi uko Wales, lakini stesheni yake ya reli iko England. Mtu anaweza kuvuka tofauti hiyo ya sheria akiwa anawahi treni.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike barua ya kwanza. Kuna kipande cha tuta ninachokijua vizuri kuliko sebule yangu. Kila msimu wa kulima, plau ya trekta ilikuwa inasogea hatua moja zaidi kwenye mguu wa tuta. Nilipiga picha nikiwa nimesimama mahali palepale miaka mitatu mfululizo, nikitumia nguzo ile ile ya fensi kuwa kipimo. Mwaka wa tatu nikapata ujasiri nikaenda kugonga mlango wa mwenye shamba. Nilitegemea ugomvi. Alinikaribisha chai. Nilipomwonyesha picha alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba shamba hilo alilirithi kwa baba yake, anajua kuna tuta, anajua wageni wanapita na vitabu vya ramani mkononi, lakini tangu alirithi hakuna mtu wa serikali aliyewahi kufika mlangoni kwake kumwambia mpaka wa ulinzi unaanzia wapi na unaishia wapi. "Ningeambiwa ningegeuza trekta mapema," alisema. Mwaka uliofuata aligeuza mapema. Mimi, mgeni asiye na cheo wala kitambulisho, nilichofanya ni kunywa chai na kuonyesha picha nne.

Waheshimiwa, mnaliona tatizo? Mtu haambiwi, kisha sheria inamsamehe kwa kuwa hakuambiwa. Kutojua kwake kumetengenezwa na kunyamaza kwenu. Na hata kule Wales, ambako sheria imebanwa, kumbana mtu ambaye hakuna aliyempelekea ramani ni kumwonea. Sheria kali bila mtu wa kugonga milango haitaokoa hata mita moja. Itatupa tu mtu wa kulaumu baada ya tuta kuondoka.

3. Ruhusa ya kuendelea kulima.

Wananchi wengi wanadhani kwamba malikale ikishaorodheshwa hailimwi. Si kweli. Chini ya utaratibu wa vibali vya jumla, ardhi iliyokwisha kulimwa kihalali katika miaka ya karibuni inaweza kuendelea kulimwa kwa namna ileile bila kuomba kibali kipya, hata kama ndani yake kuna malikale. Nia yake ilikuwa njema, mkulima asikatiwe riziki kwa ghafla. Lakini plau haikati mahali palepale kila mwaka. Udongo wa juu unamomonyoka na kuteremka, kwa hiyo kina kilekile cha plau kinafika chini zaidi kila msimu. Ruhusa iliyokusudiwa kuhifadhi hali iliyopo ndiyo inayoibadilisha hali hiyo kidogo kidogo.

4. Vipande visivyoorodheshwa.

Si tuta lote lililo kwenye orodha. Kuna vipande ambavyo havikuingizwa kwa kuwa viliposhughulikiwa vilikuwa vimekwisha kusawazishwa juu na kuonekana havina thamani. Lakini handaki lililofukiwa halijafa. Chini ya shamba lililo tambarare, umbo la handaki bado lipo limejaa udongo wa rangi nyingine, na ndani ya udongo huo kuna chavua, mkaa na tabaka ambazo wataalamu wanazisoma kama sisi tunavyosoma barua. Picha za leza zinazopigwa kutoka angani siku hizi zinaonyesha mikunjo ya ardhi ambayo Cyril Fox, mwanaakiolojia aliyelipima tuta zima kwa miguu karibu karne moja iliyopita, asingeweza kuiona kwa macho. Vifaa vipo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuipitia orodha upya.

5. Miguu yetu wenyewe.

Njia ya Taifa ya Tuta la Offa, kilomita 285 kutoka Sedbury hadi Prestatyn, ilifunguliwa Knighton mwaka 1971, na mimi ni mmoja wa wanaoifaidi. Lakini mahali pengi inapita juu ya mgongo wa tuta lenyewe. Isogezwe kando pale palipochakaa. Sisi tunaotembea hatutalalamika kwa hatua kumi za ziada.

Najua yatakayosemwa kujibu haya, kwa kuwa mengine nimekwisha kuambiwa ana kwa ana.

Mtasema fedha hakuna. Sitaki kulipuuza hilo, najua huduma za jamii zimebanwa. Lakini niseme neno moja kama mtu wa Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa inayala na kuta zilikuwa zinaanguka. Mwaka 2014 yaliondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Yalitoka kwa kuimarishwa kuta moja baada ya nyingine, kwa msaada wa wafadhili, na kwa wanakijiji wenyewe kushirikishwa katika ulinzi. Tanzania haina hazina inayokaribia ya nchi hii. Tuta la udongo, tena, halihitaji chokaa wala mafundi wa kuchonga mawe. Linahitaji fensi isogezwe, maji ya ng'ombe yahamishwe, mbegu za nyasi zimwagwe, na mtu apite kuangalia. Malikale rahisi kuhudumia kuliko hii ni chache.

Mtasema ardhi ni ya watu binafsi. Ndiyo. Na watu hao hulipwa ruzuku za kilimo na serikali zenu, ruzuku ambazo tangu nchi itoke Umoja wa Ulaya kila serikali inajipangia yenyewe masharti yake. Jirani yangu wa shamba hakuhitaji kutishwa. Alihitaji kuelezwa, na akitakiwa kuacha ukanda wa ardhi bila kulimwa, alipwe thamani ya mavuno aliyoyaacha.

Mtasema hilo ni la upande wa pili wa mpaka. Hili nimelisikia kutoka pande zote mbili.

Mtasema wataalamu wenyewe hawakubaliani nani alilijenga, lini, na kama kweli lilifika bahari hadi bahari. Ni kweli hawakubaliani. Vipimo vya kaboni kutoka karibu na Chirk vilidokeza kwamba baadhi ya kazi huenda ilianza kabla ya zama za Offa. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi yake halisi ni ile sehemu ndefu ya katikati tu. Lakini majibu ya ubishi huo yamo ndani ya udongo, hayamo mahali pengine popote. Asser alituachia sentensi moja. Kilichobaki ni tuta. Kila mita inayosawazishwa ni ukurasa unaochanwa kabla haujasomwa, na hauna nakala.

Na wapo watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba tuta hili ni alama ya ubabe, lilijengwa na Mercia kuwafungia watu wa Wales nje ya ardhi yao, na kulihifadhi ni kuutukuza ubabe huo. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu naijua kwetu. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa, wakaipora, wakajenga ngome. Gereza linalosimama ufukweni leo lilijengwa upya zama za Waomani juu ya mabaki ya ngome hiyo. Nilicheza kivulini mwake nikiwa mtoto na hakuna mzee aliyewahi kusema libomolewe. Tulifundishwa kulionyesha kwa kidole na kusema: hapa ndipo walipotua, na hivi ndivyo walivyofanya. Mtu wa Wales naye ana haki ya kubaki na mahali pa kunyoosha kidole. Mji wa Knighton kwa Kiwelisi unaitwa Tref-y-Clawdd, mji wa kwenye tuta. Watu hawa wamelibeba tuta katika jina la mji wao.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo hakuna anayelitamka lakini linaonekana kwenye bajeti. Jiwe linaheshimiwa, udongo hauheshimiwi. Ukuta wa Hadrian kule kaskazini, wa mawe, uliojengwa na Warumi, uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Tuta la Offa halimo. Na asiseme mtu kwamba udongo hauwezi kufikia hadhi hiyo: mwaka 2018 UNESCO iliiandikisha Danevirke, maboma ya mpakani ya Wadenmark wa kale yaliyo kaskazini mwa Ujerumani, pamoja na mji wa Hedeby. Sehemu kubwa ya Danevirke ni tuta la udongo, la zama zilezile za Offa. Nchini Uganda, ukingoni mwa mto Katonga, mahandaki ya Bigo bya Mugenyi yana zaidi ya kilomita kumi, na wenye nchi wanayasimulia kwa fahari. Udongo uliochimbwa kwa jembe na kubebwa kwa mikono ya watu wengi ni jengo.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na ninaomba nijibiwe kwa maandishi.

Kwanza, ndani ya mwaka mmoja, kila mwenye ardhi na kila mpangaji wa shamba ambalo tuta linapita, Wales na England, atembelewe nyumbani kwake na mtu, si kwa barua pepe, akabidhiwe ramani inayoonyesha mpaka wa ulinzi, na atie saini kwamba ameipokea. Shamba likibadilisha mikono, ramani iende pamoja na hati. Hili likifanyika, hakuna mahakama itakayohitaji kujiuliza nani alijua nini.

Pili, Bunge la Westminster liurekebishe utetezi wa kutojua ulio katika sheria ya 1979, ufanane na ule wa Wales. Lakini hilo la kwanza litangulie.

Tatu, ruhusa ya jumla ya kuendelea kulima iondolewe kwa tuta hili na kwa ukanda wa mita kadhaa kila upande, na wakulima wafidiwe kupitia ruzuku zilizopo.

Nne, orodha ipitiwe upya kwa kutumia picha za angani, na vipande vilivyofukiwa viingizwe.

Tano, awepo mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, anayehusika na tuta zima kutoka Sedbury hadi mwisho wake, analipwa na pande zote mbili, na hawezi kumwambia mwananchi kwamba hilo ni la upande ule mwingine.

Mwisho nina mwaliko. Njooni Januari, siku ya jua, kabla ya saa nne asubuhi. Wakati huo nyasi ziko chini, jua liko chini, na kivuli cha tuta kinalala shambani chote, hata pale ambapo macho ya kiangazi hayaoni kitu. Nitawaongoza kutoka Knighton kupanda hadi Llanfair Hill, nitawaonyesha nguzo ya fensi niliyopimia, na mwenye shamba ameniruhusu kusema kwamba chai ipo. Vaeni viatu vya matope.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu kwa heshima,

Mzaliwa wa Kilwa, mkazi wa bonde la mto Teme